Kina na Mizani

Rula nimeizamisha kwenye pengo la V,
sanduku la chuma, maji yanapita yakifuka:
sentimita kumi na nne.
Juzi zilikuwa kumi na sita.
Mbili tu, anasema Asajile, ndiyo nini?
Asajile, pengo la V halihesabu kama duka.
Mbili hizo
ni zaidi ya robo ya kisima kutokomea.

Ukungu wa Rungwe umeshuka mpaka migombani.
Jenereta limekohoa, likakata, kompyuta nayo kimya.
Nimebaki na daftari la kaunta,
penseli iliyotafunwa kichwa,
na koti linalonuka dizeli.

Shuleni tulikaririshwa:
shairi lina kina, shairi lina mizani.
Sikujua nitakuja kuvitafuta ardhini.
Kina: mita elfu moja na mia mbili.
Mizani: uzito wa maji yaliyosimama wima
ndani ya bomba lisilozidi upana wa sahani.

Naanza chini kabisa, ambako hakuna aliyefika.
Huko mwamba unasukuma kwa baa mia moja na nne.
(Asajile anazijua baa mbili tu, zote ziko Tukuyu.)
Kisha napanda, mita hamsini hamsini,
kama wanaopandisha mikungu kutoka bonde la Mbaka:
kila ngazi natoa uzito,
natoa msuguano, ushuru wa kuta za bomba,
halafu nauliza: hapa, kwa joto hili,
maji bado ni maji?

Ngazi ya kumi, bado. Ya kumi na tano, bado.
Ya kumi na saba,
povu.

Hapo hesabu inageuka mnyama mwingine.
Mvuke na maji katika bomba moja
hawaendi mwendo mmoja;
huyu anakimbia, mwenzake anaburuzwa,
na ule mnara uliokuwa ukijikandamiza
unakuwa mwepesi, unajinyanyua wenyewe
kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Nakisia, nakokotoa, nakuta nimekisia vibaya,
nafuta. Karatasi imetoboka.

Saa tisa usiku ndipo napata:
juu, kwenye geji, pasomeke saba na nusu.
Natoka na tochi.
Mshale umelala kwenye sita.
Moja na nusu imeliwa na nani?

Kunakucha, anafika mama Subilaga,
kikapu mkononi, mkono wa pili ameshaukunjua:
"Wewe ndiye unayepima presha?"
Nacheka. Yeye hacheki.
Kichwa kinamgonga tangu Jumapili.
"Ninayoijua mimi, mama, ni ya mwamba."
"Basi tazama na hili." Anatoa birika kikapuni
kama mtu anayetoa ushahidi barazani.
"Tangu nichote maji yenu
limeota ukoko mweupe, mdomo umeziba,
chai inatoka kwa kuombwa."

Penseli imebaki hewani.

Maji yanapochemkia
ndipo chokaa inapobaki.
Ngazi ya kumi na saba,
mita mia tatu na hamsini chini ya viatu vyangu,
bomba limeota ukoko.
Narudi daftarini, napunguza upana.
Upana ukipungua kidogo, msuguano haupandi kidogo,
unapanda kama riba ya mkopo wa simu.
Ngazi moja baada ya nyingine, mpaka juu:
sita.
Sita nukta moja, nisiseme uongo.

Asajile amempeleka mama Subilaga zahanati
kwa gari la kampuni, bila kibali.
Huko watamfunga mpira mkononi,
watamwandikia namba mbili, ya juu na ya chini,
na hakuna atakayemwonyesha njia ya hesabu.

Nimetuma ujumbe Dar: leteni chombo cha kukwangulia.
Wamejibu: una uhakika kiasi gani?

Birika amelisahau mezani.
Nalikwangua kwa kijiko,
taratibu, nikianzia mdomoni,
vipande vyeupe vinadondokea kwenye daftari,
juu ya ngazi ya kumi na saba.